Vidonge Vilivyopumzishwa

Masama, Kilimanjaro

Mama yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Shikamoo yangu ipokee ukiwa umekaa, maana barua hii haifai kusomwa kwa kusimama. Chukua miwani yako, ile uliyoifunga uzi, na umwambie mdogo wangu Deo asisome begani kwako, atasoma ukimaliza. Hilo jani lililoanguka ulipofungua bahasha si takataka wala si dawa. Liokote uliweke mapajani. Habari yake utaipata mwishoni, na usirukie mwisho, nakujua.

Unaendeleaje? Kwa watu wengine hiyo ni salamu, kwangu leo ni swali la kweli. Deo alinipigia kwenye simu ya jirani yangu Mama Glory, akaniambia miguu yako imevimba tangu ulipoongezewa kidonge cha presha, na kwamba umevitupa vyote, vya zamani na vipya, eti vinakuua figo. Akasema sasa unachemsha majani na unajisikia mwepesi. Akasema na lile ulilonificha wewe mwenyewe, kwamba kliniki ya Mbinga walikuonyesha mkojo wako unapitisha protini na figo zimeanza kuchoka. Mama, nilikaa chini palepale kwenye majani ya ng'ombe. Nilitaka kulia, hasira ikanizuia.

Ninaandika kwa sababu simu yangu ilipasuliwa, na hata ingekuwa nzima ningeandika tu. Kwenye simu unanikatiza. Ukisikia neno usilolipenda, mtandao unakuwa mbaya ghafla.

Huku tupo. Migomba imebeba vizuri, kahawa ndiyo inatoa maua, ng'ombe mmoja amezaa dume, basi nimebaki na maziwa na hasara ya dume. Neema yuko shule ya bweni, hajambo, ana maneno kama bibi yake. Mimi nina mshono juu ya jicho la kushoto, umeshakauka. Usipige kelele, majirani watakuja. Nakueleza.

Unajua mkweo Elisante, Baba Neema, ana presha tangu Neema anatambaa. Mtu mwenyewe unamkumbuka alivyokuja Mbinga kutengeneza mashine za kumenyea kahawa, mikono myeusi kwa grisi, akala ugali wako sahani mbili na kujifanya ana haya. Presha ile aliidharau miaka mingi, anakunywa vidonge kichwa kikiuma, kikipoa anaacha. Mpaka mwaka juzi daktari wa Moshi akamwambia figo zake zimebaki kama nusu ya kazi. Daktari huyo amezaliwa huku huku mlimani, akatueleza kwa mifereji. Unakumbuka nilikusimulia, maji yanashuka toka msituni kwa mifereji, yanagawanywa mpaka yafike kwenye kila kihamba, yaani shamba la nyumbani la migomba na kahawa. Akasema mishipa ya damu ndani ya figo ndiyo vile vijifereji vya mwisho kabisa, vyembamba. Ukiachia maji kwa nguvu kila siku, kingo zinabomoka, zinajikaza, zinakuwa ngumu, njia inazidi kuwa nyembamba, na nguvu ya maji inazidi. Vidonge ni mtu anayekaa juu kwenye banio akipunguza maji. "Haji kukuponya kichwa," akamwambia, "anakuja kulinda mfereji. Hata siku ambayo husikii kitu, yeye yuko kazini."

Akampa vya aina mbili. Kimoja cha kulegeza mishipa, kingine cha kupunguza nguvu ndani ya figo zenyewe, ili ile protini isivuje. Nilimpa kila asubuhi nikitoka kukamua, nasimama mbele yake na kikombe mpaka ameze. Alikuwa ananiita askari wa zamu. Tukaenda vizuri, presha ikashuka, daktari akafurahi. Halafu kile cha kulegeza mishipa kikaongezwa, na miguu ikavimba. Mama, ilivimba kweli, buti za mvua zikamkataa, akawa anakwenda zizini na kandambili. Nikamwambia twende tukamwambie daktari. Akanijibu, "Tutakwenda Krismasi ikipita."

Sasa nikueleze Krismasi ya huku. Desemba Wachaga wote waliotawanyika nchi nzima wanarudi mlimani, na mbege, pombe yao ya ndizi, inapikwa kila nyumba. Na wanaume hawa wana jambo lao ambalo sijaliona kwingine. Wanaamini ukinywa mbege juu ya kidonge cha presha utaanguka. Wewe ungedhani basi wanaacha mbege. Hapana, wanaacha vidonge! Wanasema wamevipumzisha. Utasikia mzee anamuuliza mwenzake kanisani, "Na wewe umeshavipumzisha?" kama wanaulizana kama wameshapaka nyumba chokaa. Januari wanaanza tena, wale waliobaki.

Shemeji Aminieli, kaka mkubwa wa Baba Neema, akafika mapema Desemba toka Dar na gari lake. Mtu mkubwa, sauti kubwa, moyo si mbaya. Hata hakuwa ameketi, akaiona miguu ya mdogo wake. Nilimwona anavyobadilika uso. Baba yao alikufa miguu imevimba vilevile, Mama, na Aminieli ndiye aliyekuwa anamuuguza. Akaniuliza, "Mama Neema, unampa nini huyu?" Nikaleta vidonge nimwonyeshe, nikijua mtu wa mjini ataelewa. Akavisoma pakiti kwa pakiti, akatoka navyo nje, akavitupa chooni vyote. Nikamkimbilia nikachelewa. Akasema mbele ya mama mkwe, "Baba yetu walimuua hivi hivi. Huyu hatumwachi afe mkononi mwa mtu wa Songea."

Mtu wa Songea! Nimezaa hapa, nimelima hapa, bado ni mtu wa Songea, na hata Songea penyewe si kwetu.

Nilimgeukia mume wangu nikidhani atasema neno. Akacheka, akasema, "Acha tu, Mama Neema, nilikuwa nataka kuvipumzisha." Nikasusa. Nikapika na kupakua bila kumtazama. Na unajua kilichoniumiza zaidi? Baada ya siku chache miguu ikapungua, buti zikaingia. Aminieli akawa anamtembeza mtaani kama ng'ombe wa maonyesho. "Umeona? Umeona?" Mimi nikaona macho yanakuwa mekundu na kichwa anakishika kila akiinama. Nikasema. Hakuna aliyesikia.

Siku ya kuchinja, ya pili ya Krismasi, aliamka akashindwa kufunga vifungo vya shati. Akatapika nyuma ya zizi. Nikamwambia, "Baba Neema, twende Moshi sasa hivi." Akasema baada ya kisusio. Kisusio ni supu ya damu ya mbuzi, wanaume wanaipika wenyewe palepale wanapochinjia, chini ya migomba, na bakuli la kwanza siku hiyo lilikuwa lake kwa kuwa ndiye mgonjwa. Wanawake hatusogei pale mpaka tuitwe kuchukua nyama zetu. Nikarudi jikoni nikamenya ndizi za mtori huku nasikiliza. Nikasikia beberu analia, akanyamaza. Kisha nikasikia mtu anasema, "We Elisante, unachuna nini, mbona unajikata?"

Nikaenda. Naam, nilikwenda, mkono bado una utomvu wa ndizi. Walikuwa kama watu kumi wamezunguka ngozi na majani ya migomba, damu kila mahali, na mume wangu amechuchumaa katikati na panga dogo la kuchunia, kidole gumba kimefunguka mpaka nyama inaonekana, na yeye anaendelea kuchuna. Hakujua. Damu yake inachanganyika na ya mbuzi na yeye anaikazia macho kama anatafuta kitu alichodondosha. Mkono wa pili kuna kata ya mbege.

"Baba Neema, inuka."

Mzee mmoja akasema, "Huyu mama amefuata nini hapa?"

"Mama Neema, rudi jikoni," Aminieli akasema. "Unauaibisha ukoo."

"Mtu anajikata hajisikii, wewe unaona ukoo!"

Nikaishika ile kata nikaivuta. Mbege ikammwagikia Aminieli kifuani. Akanipiga kofi, Mama, kofi la mkono mzima, nikaangukia kwenye nyama. Nikatoa simu nipige gari la kijijini. Akainyang'anya, akaipiga kwenye jiwe la kunolea visu, kioo kikaruka. Hapo sikumbuki kufikiri. Palikuwa na mwiko mrefu ndani ya sufuria ya kisusio, nikauchomoa na damu yake ya moto nikampiga nao mdomoni. Jino la mbele likatoka. Akanishika shingo. Wazee wanapiga kelele kwa Kichaga, mbwa wamepata mwanya wamevamia matumbo, na mimi nimemng'ata Aminieli mkono na sikuachia. Sijutii. Ningepata na mkono wa pili ningeung'ata.

Ndipo Baba Neema akasimama.

Nilidhani anakuja kutuachanisha. Alikuja na panga. Macho yalikuwa wazi lakini hayakuwa yananiona, yalikuwa kama ya mtu anayetazama moshi. Akasema maneno ambayo hata wao hawakuyaelewa, akashusha panga. Aminieli ndiye aliyenisukuma, nimpe haki yake, bila hivyo sasa ungekuwa unasoma barua ya mtu mwingine. Ncha ikanipitia juu ya jicho. Sikusikia maumivu, niliona tu upande mmoja wa dunia umekuwa mwekundu. Akanyanyua tena. Na mkono ukiwa juu hivyo hivyo akakakamaa, akaanguka kifudifudi, kichwa nusura kiingie kwenye moto, akaanza kutupatupa mikono na miguu, povu linatoka.

"Ni pombe!" mmoja anasema. "Ni mapepo, mwiteni mchungaji!" Mwingine anataka kumtia kijiko mdomoni. Mimi nimepiga magoti namgeuza ubavu, jicho moja halioni, nikamwambia Aminieli, "Lete gari. Lete gari au niwashe moto hii nyumba yenu na watu wake." Akakimbia. Lile jitu likakimbia, mdomo unavuja, funguo zinamponyoka.

Tukashuka mpaka Moshi, kichwa cha mume wangu mapajani mwangu, mama mkwe mbele anasali kwa sauti. Alishikwa tena na degedege njiani, akanipiga kichwa tumboni. Damu ya kwangu, ya kwake, ya beberu, huwezi kusema ipi ni ya nani. Aminieli alikuwa analia akiendesha. Alisema jambo moja tu njia nzima, "Miguu ya baba ilikuwa hivyo hivyo."

Hospitalini walimpima presha mara mbili kwa kutoamini mashine. Daktari mwanamke, mdogo kwa umri, akauliza, "Nani amemwachisha dawa?" Akauliza tena kwa sauti iliyofanya hata wagonjwa wengine wageuke. Aminieli akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Yule binti hakumtukana, afadhali angemtukana. Akamwambia miguu huvimba kwa njia nyingi. Ya baba yenu ilivimba kwa sababu figo zilikuwa zimekufa na maji hayana pa kutokea. Ya huyu ilivimba kwa kidonge, kidonge kinalegeza mishipa na maji kidogo yanashuka miguuni, inatisha kwa macho lakini haiui. Angeletwa tungepunguza, tungebadilisha, dawa zipo za aina nyingi. "Mmetoa kilichokuwa kinamlinda," akasema, "kwa sababu kilikuwa kinamvimbisha miguu." Presha iliyoachiwa wiki zote zile ndiyo ilipanda mpaka kichwani ikamvuruga akili, na njiani ikapita kwenye figo.

Akapona kichwa. Figo hazikurudi. Ile nusu iliyobaki, tuliyoilinda na kikombe cha chai kila asubuhi, ilikwenda siku ile moja. Sasa tunashuka Moshi kila wiki anasafishwa damu kwa mashine. Kwanza walimwekea mrija shingoni. Walitaka kuunganisha mishipa mkononi, wakakuta mishipa yenyewe imekuwa migumu, wakajaribu mkono huu ikakataa, wakajaribu wa pili ndiyo ikashika. Ukiweka sikio hapo unasikia damu inanguruma. Ninaliweka sikio langu kila siku, nikiwa nimemkasirikia na nikiwa sijamkasirikia.

Siku alipopata fahamu vizuri aliniangalia sana. Hakumbuki chochote baada ya vifungo vya shati. Akaniuliza, "Mama Neema, nani amekukata?" Mama mkwe akanikonyeza nisiseme. Nikasema. "Ni wewe. Wewe bila vidonge." Akageukia ukutani. Mabega yalikuwa yanatikisika na mimi sikumbembeleza, nilikuwa nimechoka. Kesho yake nikambembeleza.

Wiki ya kwanza ya Januari, nikiwa nyumbani na nyuzi hazijatolewa, Aminieli akaja na mama mkwe na wazee wawili. Ameshika jani limefungwa fundo. Mama, huku kwenye mipaka ya vihamba wanapanda mmea unaitwa isale. Mtu aliyekukosea akikuletea jani lake limefungwa fundo, huna ruhusa kukataa. Hata kama ameua. Ukishalipokea, jambo limekwisha, na usipolipokea wewe ndiye unakuwa mbaya kuliko yeye. Nikawaambia, "Mimi ni mtu wa Songea, si ndivyo mlivyosema? Sheria zenu hazinihusu." Mama mkwe akalichukua jani mkononi mwa mwanawe, akapiga magoti. Mwanamke wa umri wako, Mama, magoti yote mawili kwenye sakafu yangu. Akasema, "Mtu wa Songea ndiye aliyemwokoa mtoto wangu. Pokea, mwanangu." Nikalipokea haraka ainuke.

Nilisamehe kwa mkono. Moyo unafuata polepole, upo njiani. Aminieli amerudi Dar, jino amewekewa la bandia linapiga filimbi akisema s, na kila Jumapili anampigia kaka mmoja mmoja wa ukoo kuuliza kama wamekunywa vidonge. Amekuwa kero kubwa. Nampenda kidogo.

Msalimie baba mdogo, mwambie kikohozi hicho akapime, asisingizie vumbi. Msalimie shangazi anayeuza vitumbua, mke wa Deo na mimba yake, na mjomba katekista, mwambie Walutheri hawajanila. Mkweo anakusalimu kwa sauti ya chini, ameniomba nisikuandikie habari ya panga. Umeona nilivyomsikiliza.

Sasa hilo jani mapajani mwako. Ni isale. Nimelikata mwenyewe kwenye mpaka wa kihamba changu, nimelifunga fundo kama wanavyofunga. Siombi msamaha, Mama, ingawa kwa ukali huu pengine ungestahili. Ninakuomba urudi kliniki ya Mbinga na miguu yako hiyo iliyovimba, uiweke mbele ya daktari, useme, "Kidonge hiki kimenifanya hivi, nipe kingine." Basi. Kingine wanacho. Figo nyingine hawana, na mimi mama mwingine sina. Deo atakupeleka Jumatatu, nimeshamwambia.

Najua utakachosema. Utasema wewe ni Mmatengo, mambo ya isale ni ya Wachaga hukohuko. Nami nilisema hivyo hivyo, nikiwa na nyuzi usoni. Lakini hapa jani likishaingia mkononi mwa mtu, hana tena la kusema. Na wewe uliliokota nilipokwambia uliokote, kabla hujajua ni nini.

Umeshakubali, Mama.

Ni mimi mwanao asiyekatizwa,
Kolasta